Mia Tatu kwa Saa

Hunan, 25 Juni 2019

Ruolan amepata 603 kwenye mtihani wa kuingia chuo kikuu! Mia sita na tatu! Kiingereza peke yake mia moja thelathini na nane! Nimeanza na hilo kwa sababu ningesubiri salamu ziishe ningepasuka.

Sasa salamu. Mwanangu Luo, hujambo? Mama yako hajambo, na yale magoti yake? Ruolan ameniambia huko kwenu Juni ni baridi, eti mnavaa makoti wakati sisi tunatoka jasho mpaka masikioni. Vaa soksi. Kunywa maji ya moto, usinywe yale ya bombani kama ulivyokuwa ukifanya nikikugeuzia mgongo. Sisi wazima. Mgongo wa Baba Ruolan unauma, lakini ungekuwa hauumi angekosa la kusema.

Ngoja nikueleze matokeo yalivyokuja. Duka limejaa, watu wanakula, na mimi nimemkabidhi Baba Ruolan simu. Anabonyeza kwa vidole vyenye unga, simu haimsikii. Nikamwambia, "Wewe unabonyeza au unakanda?" Mara akageukia ukuta. Nikajua mtoto kafeli. Kumbe machozi. Mwanaume aliyezika wazazi wote wawili akiwa mkavu, analilia tarakimu! Nilipiga kelele mpaka muuza nyama wa ng'ambo ya barabara akatoka na kisu akidhani tumevamiwa. Siku hiyo kila bakuli nililitia yai bure. Sijisifu, nasema kilichotokea. Mama Shu, yule mke wa daktari, mwanawe kapata 540 licha ya yule mwalimu wa kukodi kutoka jijini Changsha. Alikuja kula tambi amevaa miwani ya jua, ndani ya duka, mvua inanyesha.

Namba yako ya simu ya huku imekufa, kila nikituma ujumbe haufiki. Baba Ruolan ameipata anwani yako ya barua pepe kwenye daftari la Ruolan. Mimi naandika kwa mkono, yeye anapiga picha na kutuma. Ukiona doa jekundu kwenye karatasi, si damu, ni pilipili.

Luo, karamu ya kuwashukuru walimu nimeshaanza kuipanga. Itakuwa Agosti, barua ya chuo ikishafika. Kiti cha heshima, kile kinachotazama mlango, ni chako. Mkuu wa shule atakaa pembeni, akinuna anune. Nani alimfungua mtoto wangu mdomo? Jumamosi zote zile, miaka mitatu, wewe unamenya kitunguu saumu, yeye anakusomea kwa sauti, wewe unasema "tena," yeye anarudia. Nauli tutasaidiana, usiogope.

Yale ya Desemba yamepita. Watu wa ofisi wana kazi yao nasi tuna yetu. Njoo.

Mama yako wa Hunan,
Tan Guixiang


Komani, Afrika Kusini, 9 Julai 2019

Kwako Mama Ruolan,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Baba Ruolan na mgongo wake. Mama yangu anaendelea vizuri, magoti yanategemea hali ya hewa. Mimi mzima. Naandika Kichina chenu kwa kamusi, unisamehe panapochechemea.

Mpe Ruolan pongezi zangu zote. Mia moja thelathini na nane! Niliposoma nilisimama nikaenda dirishani nikarudi. Mtoto aliyekuwa akijificha nyuma ya kitabu nikimwita jina. Mwambie nimefurahi, na hilo ni kweli tupu, hata kama yanayofuata si ya furaha.

Umeuliza habari zangu. Nauza rangi na misumari katika duka la mjomba wangu. Asubuhi naamka saa kumi na mbili, nangoja kile kipaza sauti cha mazoezi cha uwanja wa shule, halafu nakumbuka nilipo. Nakumbuka ngazi za ghorofa ya tano. Nakumbuka watoto hamsini na sita wenye makoti darasani, glavu zimekatwa ncha za vidole ili washike kalamu, na pumzi zao zikitoka kama moshi wanapojibu kwa pamoja. Nakumbuka mchana, shule nzima imelalia madawati, mimi peke yangu macho kodo kama mwizi. Nakumbuka bibi wa mboga aliyenishika nywele kila siku kwa miaka mitatu akiuliza kama zinauma. Na nakumbuka nikiingia dukani kwako asubuhi, nimekaa, bakuli liko mbele yangu, vijiti viko mkononi, na wewe unapiga kelele toka jikoni, "Luo, umekula?"

Mama Ruolan, kuna jambo nilitaka kukuuliza uso kwa uso Desemba, sikukupata.

Siku waliponiita ofisi ya vibali vya wageni walinisomea karatasi. Ilisema nafundisha nje ya shule kwa malipo kila Jumamosi, yuani mia tatu kwa saa, jambo ambalo kibali changu kilikataza. Chini ilikuwa na alama nyekundu ya dole gumba. Jina walilifunika. Nilisema sijawahi kulipwa na mtu yeyote nje ya shule. Kijana aliyekuwa akisoma akacheka, akasema, "Kwa hiyo aliyesema hivi ni mwongo?" Nikanyamaza. Sikutaka kumwita mtu mwongo bila kumjua. Walipoona nimenyamaza wakafunga faili, na nikapewa siku kumi za kuondoka nchini.

Sasa kuna shule moja huko Ningbo inanitaka. Mkataba uko tayari. Kinachokosekana ni barua ya kuniachilia kutoka shule ya kwenu, bila hiyo mgeni hapati kibali kipya. Shule haitoi barua wakati karatasi ile bado ipo. Watu wa Ningbo watangoja mpaka mwisho wa Julai, basi.

Dole gumba lile ni la nani?

Zoleka Ntshinga


Hunan, 11 Julai 2019

Mwanangu Luo,

Umetia sahihi jina lako lote kama karatasi ya benki! Nilimwonyesha Baba Ruolan, nikamwambia, "Tazama, mtoto amekuwa mkubwa." Yeye akarudi kwenye unga wake, unamjua. Jina la Luo nilikupa mimi kwa sababu ulimi wangu ulishindwa na hilo lingine, na mtaa mzima ukalipenda. Hata leo watu wanasema Luo, Luo.

Hujambo lakini? Misumari isikuchome. Sisi wazima, joto tu. Ruolan ameomba chuo cha ualimu huko Wuhan. Unasikia? Ualimu wa Kiingereza! Mjomba wake alisema asome uhasibu, nikamwambia, "Wewe umesoma nini, kuvuta sigara?" Tumeshapata ukumbi, ule mpya karibu na daraja, wenye taa zinazobadilika rangi. Kichwa cha samaki cha pilipili kila meza, kikubwa kama kofia. Meza kumi na mbili. Wageni wa Mama Shu hawafiki hata meza tano, nimeulizia.

Kuhusu hilo dole. Luo, vidole ni vingi mtaani. Siku ile duka lilikuwa limejaa, kila mtu ana mdomo. Mama Shu peke yake ana vidole kumi. Si mimi ninayesema, nasema tu kwamba vipo. Mambo ya ofisi yakishaandikwa yameandikwa, ukiyachokonoa yanatoa harufu. Wewe njoo kwenye karamu. Mkuu wa shule nitamkalisha karibu yangu, akishakunywa vikombe vitatu barua yako ataiandika kwenye kitambaa cha meza. Baada ya karamu kila kitu kitakwisha. Mwezi mmoja tu, ni nini?

Na huko Ningbo watu wanatia sukari kwenye mboga. Utakonda.

Mama yako,
Tan Guixiang


Hunan, 4 Agosti 2019

Ni mimi. Dole ni langu.

Salamu sina uso wa kuzitoa, lakini hujambo, na mama yako hajambo?

Hukujibu barua yangu na nilijua kwa nini. Tarehe kumi na tisa Julai nilikuandikia nyingine ndefu, habari za barua ya chuo iliyofika imefungwa kwenye bahasha nyekundu. Hukuipata. Baba Ruolan alichukua simu kuipiga picha, akasoma ukurasa wa kwanza, akaiweka simu kifudifudi mezani. Akasema, "Sipigi picha uongo tena." Nikamwambia, "Kwani nimedanganya wapi hapo?" Akasema, "Yaliyomo ni kweli. Uongo ni yale ambayo hayamo." Miaka ishirini na mbili ya ndoa, hajawahi kunipa sentensi ndefu hivyo.

Nikakaa siku sita nikimnunia. Ya saba, Ruolan alikuwa mezani anaandika kadi nyekundu za mwaliko. Ana mwandiko mzuri, kila mtu anasema. Alikuwa kwenye kadi ya thelathini hivi, akaweka kalamu. Baba yake alikuwa amemwonyesha barua yako.

"Mama, mwalimu alikuwa analipwa?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Nilimpa tambi. Na yai."

"Mia tatu kwa saa ilitoka wapi?"

Nikamwambia yeye, na sasa nakwambia wewe. Novemba niliweka picha kwenye kundi la simu la kina mama wa darasa. Wewe uko mezani kwetu, Ruolan anasoma. Nikaandika: mwalimu wa kigeni yuko kwetu kila Jumamosi. Sikuwa na nia mbaya. Wao kila siku wanaweka piano, wanaweka safari za Shanghai, mimi ninaweka nini, sufuria? Kuna mtu akapeleka habari ofisini, sijui nani, na leo simtafuti tena.

Wakaja wawili wenye mikoba, saa ya chakula cha mchana. Duka limejaa, Mama Shu yuko meza ya kwanza. Wakauliza kama wewe unamfundisha binti yangu. Nikasema ndiyo. Wakauliza kama nakulipa. Nikasema hapana, ni mtu wetu. Mmoja wao, kijana, akatazama kuta zangu, akatazama aproni yangu, akasema kwa sauti, "Mzungumza Kiingereza kutoka nje aje kumfundisha mtoto wa muuza tambi bure? Kwa nini afanye hivyo?" Watu wakacheka, Luo. Si wengi. Mama Shu aliinamisha kichwa kwenye bakuli, lakini mabega yalikuwa yanacheza.

Nikasema, "Bure? Sisi si ombaomba. Namlipa mia tatu kwa saa, mkononi, sijawahi kuchelewa." Nikaona Mama Shu ameinua kichwa, maana ndiyo bei yao ya Changsha. Nikafurahi! Ndiyo aibu yangu kubwa hiyo, kwamba nilifurahi. Wakaleta karatasi, wakaleta wino, nikaweka dole huku nimesimama wima kama napokea tuzo. Sikujua kwamba neno "bure" ndilo lilikuwa linakulinda. Nilipojua, jioni yake, Baba Ruolan akasema turudi ofisini. Nikasema kesho. Kesho nikasema watu watanicheka. Kisha ukawa umeondoka.

Na siku uliyokuja kuaga, Baba Ruolan akakwambia nimekwenda kwa dada yangu. Nilikuwa jikoni, nyuma ya yale masufuria makubwa, nimechuchumaa. Nilikuona miguu na magurudumu ya sanduku. Ulisimama muda mrefu. Ulimwambia, "Mwambie Mama nimekula." Nilijifunika mdomo na aproni.

Ruolan alisikiliza yote. Akakusanya nguo akaenda kwa shangazi yake. Kadi zimebaki mezani.

Mimi Alhamisi, tarehe mosi, nilifunga duka saa tatu asubuhi, jambo ambalo sijafanya hata nilipojifungua, nikaenda ofisini. Kijana ni yule yule. Nikamwambia karatasi ya Desemba ni uongo, mwalimu hakulipwa. Akasema, "Mama, sasa niandike uongo upi, wa Desemba au wa Agosti?" Watu kwenye foleni wakageuka. Nikamwambia, "Andika hivi: mama huyu aliona aibu kupewa kitu bure mbele za watu, akasema alilipa. Andika na jina la duka." Akanitazama. Akaandika. Nikaweka dole tena, safari hii nimekaa. Kutoka pale nikaenda kwa mkuu wa shule, nikakaa mlangoni kwake mpaka akaisoma nakala. Ijumaa akatoa barua yako, ina muhuri mwekundu wa shule. Baba Ruolan ameipiga picha, iko pamoja na hii. Yenyewe tutaituma kwa posta.

Najua mwisho wa Julai umepita. Najua kuhesabu siku.

Tan Guixiang


Komani, 12 Agosti 2019

Kwako Mama Ruolan,

Nakusalimu. Sisi wazima.

Barua ya shule nimeiona. Ningbo walimpa mtu mwingine tarehe thelathini na moja Julai. Waliniandikia kwa upole. Nafasi nyingine huenda ikapatikana mwakani, huenda isipatikane, kwa hiyo barua nimeichapisha na kuihifadhi, na nakushukuru kwa kwenda. Najua kutoka mlangoni kwako mpaka ofisi ile ni mbali kuliko inavyoonekana.

Sitakuficha kwamba imeniuma. Nilikuwa nimemshuku kila mtu isipokuwa wewe. Miezi saba nilimshuku hata bibi wa mboga, nikimkumbuka alivyokuwa akinishika nywele nikasema, labda ndiye. Hilo umenifanya nimtendee mzee wa watu, na yeye hajui.

Unasema nilikuwa nakupa bure. Mama, hukunielewa. Mji ule nilipigwa picha kila nilipokwenda, nikinunua sabuni, nikipiga chafya. Kwako nilikuwa namenya kitunguu saumu na hakuna aliyenitazama. Unafikiri ningekilipa kiasi gani kitu hicho kama kingekuwa na bei? Mimi ndiye niliyekuwa napokea. Mpaka siku ya picha.

Kuna jambo moja limebaki, sikuombi, nakueleza tu. Bibi wa mboga aliniandikia wiki iliyopita kwa mkono wa mjukuu wake. Anauliza kama ni kweli nilikuwa nawatoza watu mia tatu, maana angependa mjukuu wake ajifunze, lakini hana pesa hiyo, na anasikitika hakujua mapema kwamba mimi ni mtu wa namna hiyo. Ofisini umesema kweli. Mtaani bado mimi ni mtu wa namna hiyo.

Sitakuja kwenye karamu. Ruolan arudi nyumbani, mwambie nimesema. Asikunyime sauti yake, mtoto aliyechelewa hivyo kuipata.

Binti yako bado, ila ana hasira,
Luo


Hunan, 15 Agosti 2019

Binti yangu mwenye hasira, hujambo?

Kasirika. Una haki, na ukasirike ukiwa umeshiba. Sisi wazima.

Ruolan amerudi jana. Niliisoma barua yako kwa sauti, kwa shangazi yake, mbele ya wote, na pale pa bibi wa mboga nilikwama, akamalizia yeye. Halafu akasema, "Karamu itakuwepo, nitaandika kadi zote, lakini Mama utasimama." Nikasema nitasimama. Akasema, "Na hutajieleza nusu saa jinsi ulivyolea mtoto." Hapo tulibishana kidogo, tukakubaliana dakika mbili.

Kwa hiyo nimebadilisha orodha ya wageni. Jamaa wa Baba Ruolan wa mbali nimewatoa, wao hawakusikia kitu. Nimewaita waliosikia. Kina mama wote wa kundi la simu, arobaini na mmoja. Mama Shu nilimpelekea kadi mkononi, akauliza, "Kuna nini, mbona unanipa kwa mikono miwili?" Nikamwambia njoo utaona, na uje bila miwani. Muuza nyama. Mkuu wa shule na walimu. Bibi wa mboga nimemwendea leo asubuhi, na yeye sikutaka angoje karamu, nilimwambia pale pale kwenye mboga zake, nimeinama. Alinipiga na fungu la vitunguu vya majani, Luo, mara mbili, begani. Kisha akalia, kisha akanitoza vile vitunguu.

Wale wa ofisi pia nimewaalika. Mmoja kasema hawaruhusiwi kula kwa watu. Nimemwambia basi asile, asimame mlangoni asikie. Kijana kasema atakuja.

Zitakuwa meza ishirini. Hapana, ni kumi na moja. Baba Ruolan ameniangalia tu nikaifuta.

Maneno nimeyaandika, nayasemea mbele ya masufuria. Nitasema: mwalimu huyu alikuja kwetu miaka mitatu, hakuchukua hata senti, na mimi kwa kuogopa kuchekwa nilisema uongo akafukuzwa kama mwizi. Nitasema mwanangu anakwenda chuo kwa kazi ya mtu niliyemfukuza. Baba Ruolan anasema nikifika hapo nikae chini, nisiongeze. Nitajaribu. Watu watanicheka miaka. Wakila tambi watanicheka, na wasipokula tambi watanicheka. Nimeshajipima, nadhani nitaweza, na kama sitaweza Ruolan amesema atayasoma yeye, na mimi sitaki yatoke kinywani mwa mtoto.

Sikuombi unisamehe wala unijibu haraka. Ningbo siwezi kuirudisha. Ningeweza kwenda kesho yake, mwezi wa Desemba, ilikuwa hatua mia sita, nimezihesabu nikiwa naenda. Naziota hizo hatua.

Kadi yako Ruolan ameiandika ya kwanza kabisa. Najua huji. Amesema jina lako lazima lisomwe mlangoni pamoja na ya wengine, jina lenyewe, lote, na amenifundisha kulitamka. Nusu ya siku imekwisha kwa hiyo kazi. Baba Ruolan alilipata mara ya pili tu, sijui ananiumiza makusudi.

Mama yako,
Tan Guixiang

Nainakili kadi hapa kama alivyoiandika, kwa jina la ukoo wa baba yake, maana picha imetoka na giza:

Familia ya Kuang inamwalika kwa heshima Mwalimu Zoleka Ntshinga, na pamoja naye majirani wote, walimu wote na wazazi wote wa darasa, kwenye ukumbi wa darajani. Tunawatarajia wote bila kukosa mtu, Jumapili, tarehe 25 Agosti, saa sita kamili mchana.